Rangi Juu ya Rangi: Historia ya Maumbo Yanayolaliana

Mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 zilikuja Wakenya wakiwa wanangoja uhuru, na jina la uhuru likabaki nazo. Mto Nzoia, unaokusanya maji ya milima ya Cherangani na Mlima Elgon, ulifurika huko chini bondeni, na Ziwa Victoria nalo likaanza kupanda. Kufikia mwaka 1964 kipimo cha maji kule Jinja kilisoma mita 13.41, zaidi ya mita mbili juu ya pale kilipokuwa kabla ya mvua hizo. Kwa watu wa Bunyala, nchi tambarare ambako Nzoia inaingia ziwani karibu na Port Victoria, maji yalikuja kutoka pande mbili. Mto ulishuka na ziwa likapanda. Ziwa likiwa juu, mto hukosa pa kumwagia, nayo maji ya mto hujirudi na kutandaa mashambani.

Anayetaka kuchora ramani ya mafuriko ya namna hiyo anakutana mara moja na jambo linaloonekana dogo. Eneo lililofunikwa na mto ni umbo moja. Eneo lililofunikwa na ziwa ni umbo la pili. Kati yao kuna eneo la tatu, ambako maumbo hayo mawili yamelaliana. Eneo hilo la tatu lipakwe rangi gani? Waandishi wa programu za michoro wamehangaika na swali hilo kwa karibu miaka hamsini, na wachora ramani kwa muda mrefu zaidi. Sehemu moja ya historia yake inapita Kenya, katika miaka ileile ya mvua za uhuru.

  

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Kanada iliyoitwa Spartan Air Services, yenye makao Ottawa, ilishughulikia mpango wa kutafuta mahali pa kupanda misitu nchini Kenya, miti ambayo ingelisha kiwanda cha karatasi. Mmoja wa wataalamu wake alikuwa Roger Tomlinson, mwanajiografia aliyezaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1933. Kazi ya namna hiyo ilikuwa na utaratibu uliozoeleka. Kila jambo linachorwa kwenye karatasi yake angavu: hii ya mteremko wa ardhi, hii ya udongo, hii ya mvua, hii ya barabara. Mahali pasipofaa hutiwa kivuli. Kisha karatasi zote hupangwa moja juu ya nyingine kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, na mchora ramani huinama akitafuta pale ambapo mwanga bado unapenya. Hapo ndipo penye kufaa kwa kila hali.

Meza hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini, maana hesabu yake ni ya asili. Karatasi inayopitisha nusu ya mwanga ikiwekwa juu ya nyingine inayopitisha nusu, kinachopenya ni robo. Ukiongeza ya tatu, inabaki sehemu moja ya nane. Mwanga unazidishwa, na kwa kuwa ni kuzidisha, mpangilio haujalishi: karatasi ya udongo ikiwa juu ya karatasi ya mvua au chini yake, jicho linaona kitu kilekile. Udhaifu wake ni kwamba baada ya karatasi nne au tano giza linakuwa giza tu, na hakuna awezaye kusema limetokana na lipi.

Kuchora na kulinganisha karatasi za sehemu kubwa ya nchi kwa mkono kulihitaji watu wengi na muda mrefu. Makadirio ya gharama yalipotolewa yalikuwa makubwa kupita kiasi, na pendekezo likakataliwa. Tomlinson hakuliacha jambo hapo. Alianza kuuliza kampuni za kompyuta kama mashine zao zingeweza kulinganisha ramani badala ya macho ya watu, na ofisi ya IBM ya Ottawa ndiyo iliyomsikiliza. Mwaka 1962, ndani ya ndege, aliketi karibu na Lee Pratt wa wizara ya kilimo ya Kanada, ambaye alikuwa na mzigo unaofanana na ule wa Kenya ila wa nchi kubwa zaidi: ramani za ardhi yote ya Kanada inayofaa kwa kilimo, misitu na wanyama. Mazungumzo yao yalizaa mfumo wa taarifa za kijiografia wa Kanada, ambao ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Kenya ilikuja kupata kiwanda chake kikubwa cha karatasi mwaka 1974, Webuye, kando ya mto huohuo Nzoia unaoishia Bunyala.

Jambo la kushikilia hapa ni namna mfumo wa Tomlinson ulivyotatua swali la kulaliana. Haukupaka rangi juu ya rangi hata kidogo. Ulichukua mipaka ya umbo la kwanza na mipaka ya umbo la pili, ukahesabu inapokatana, kisha ukatoa maumbo mapya: la kwanza peke yake, la pili peke yake, na lile la pamoja. Eneo la kulaliana likawa umbo kamili lenye mpaka wake, sifa zake na idadi ya hekta zake. Mtu wa IBM, Guy Morton, alibuni mwaka 1966 njia ya kupanga vipande vya ramani kwa namba ili vilivyo jirani ardhini viwe jirani pia katika hifadhi ya mashine, na njia hiyo ingali inatumika leo. Mashine zenyewe zilikuwa dhaifu kuliko simu yoyote inayouzwa sokoni Busia, lakini fikra ilikuwa sahihi: amua kwanza eneo la kulaliana ni kitu gani, ndipo ulipake rangi.

Waliotengeneza picha za skrini walifuata njia nyingine kabisa, kwa sababu walikuwa wakitafuta kitu kingine. Mwaka 1977, kwenye maabara ya Taasisi ya Teknolojia ya New York iliyokuwa Long Island, Ed Catmull na Alvy Ray Smith walikuwa wakijaribu kutengeneza sinema kwa kompyuta. Kuhesabu picha moja kulichukua muda mrefu mno. Catmull alitaka kuhesabu kitu mara moja, kisha akiweke juu ya mandhari tofauti bila kukihesabu upya. Tatizo lilikuwa kingo. Ukingo wa umbo haufuati mipaka ya pikseli, vile vinukta vinavyounda picha: pikseli nyingine hufunikwa nusu, nyingine robo. Zikipakwa rangi ya mandhari ya zamani, kitu kikihamishwa hubeba mabaki ya mandhari hayo pembezoni mwake.

Suluhisho lao lilikuwa kuipa kila pikseli namba ya nne. Tatu za kwanza zilisema nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani. Ya nne ilisema pikseli imefunikwa kiasi gani, kuanzia sifuri, ambayo ni uwazi mtupu, hadi 255, ambayo ni kufunikwa kabisa. Smith aliiita alfa, kwa herufi ya Kigiriki iliyozoeleka katika fomula ya kuchanganya vitu viwili: alfa mara cha kwanza, jumlisha kilichobaki mara cha pili. Maabara hiyo ilikuwa na bahati ya kumiliki kumbukumbu za picha zaidi ya tatu, katika wakati ambapo hata moja ilikuwa anasa, na ndiyo maana waliweza kuitengea alfa nafasi yake.

Kutoka hapo hesabu ilikomaa polepole. Mwaka 1981 Bruce Wallace, akishughulikia picha za katuni, alionyesha kwamba picha mbili zenye uangavu zinaweza kuunganishwa kwanza zikawa moja, na hiyo moja ikawekwa juu ya ya tatu, na matokeo yakawa yaleyale. Kisha Julai 1984, Thomas Porter na Tom Duff wa kampuni ya Lucasfilm walichapisha makala fupi iliyopanga jambo lote. Karibu kila programu ya kuchora unayoifungua leo, iwe kwenye simu au kwenye kivinjari, inafuata makala hiyo. Mwaka 1996 wanne hao, Catmull, Smith, Porter na Duff, walipewa tuzo ya kiufundi na akademia ya filamu ya Marekani kwa kazi hii.

Ili kuielewa hoja ya Porter na Duff, fikiria chandarua. Nusu yake ni nyuzi na nusu ni matundu. Ukitandika chandarua cha pili kama hicho juu yake, nyuzi za cha pili zitaziba nusu ya matundu yaliyobaki, na utaona robo tu ya kilicho nyuma. Kwao, pikseli yenye alfa ya nusu ilikuwa hivyo: imefunikwa nusu. Maumbo mawili yakikutana ndani ya pikseli moja, kuna sehemu nne: pasipo na kitu, penye la kwanza peke yake, penye la pili peke yake, na penye yote mawili. Ukiamua nini kionekane katika kila sehemu, unapata njia kumi na mbili za kuunganisha picha, na mashuhuri kati yake ni ile ya kuweka moja juu ya nyingine. Walishauri pia rangi ihifadhiwe ikiwa imekwisha kuzidishwa na alfa yake. Ushauri huo unapunguza hesabu na huzuia ule utando mweusi au mweupe unaojitokeza kwenye kingo za picha inapokuzwa au kupunguzwa. Wanaoudharau huuona utando huo kila siku.

Lakini kuna ugumu. Wa kwanza ni kwamba mfano wa chandarua una sharti ndani yake: nyuzi za cha pili ziangukie popote, bila kufuata za kwanza. Katika ramani sharti hilo huvunjika kila mara. Wadi mbili za Bunyala zinazopakana zinagawana mpaka mmoja. Mpaka ukipita katikati ya pikseli, wadi ya kushoto inaifunika nusu na ya kulia inaifunika nusu ile nyingine, na ardhi yote imefunikwa. Kompyuta haijui hivyo. Inaweka nusu ya kwanza, kisha inadhani nusu ya pili imeanguka popote, na jumla inakuwa asilimia 75. Robo ya mandhari inachungulia. Ndiyo maana ramani nyingi za intaneti zina mistari myembamba iliyofifia kati ya maeneo yaliyopakwa rangi moja, kana kwamba kuna njia au mfereji pale ambapo hakuna kitu. Porter na Duff walijua kwamba sharti lao lina mipaka. Waliokuja baada yao wengi wamelisahau.

Ugumu wa pili ni mpangilio. Tuseme mafuriko ya mto ni nyekundu na ya ziwa ni buluu, kila moja kwa alfa ya nusu, kwenye karatasi nyeupe. Ukipaka nyekundu kwanza na buluu juu yake, pikseli ya eneo la pamoja itakuwa na nyekundu 128, kijani 64, buluu 191: zambarau inayoelekea buluu. Ukigeuza mpangilio, unapata nyekundu 191 na buluu 128: zambarau inayoelekea wekundu. Maji ni yaleyale, ramani mbili tofauti. Kwenye meza ya kioo ya akina Tomlinson hili lisingetokea. Ndiyo maana programu za baadaye ziliongeza njia ya kuzidisha rangi kama mwanga unavyozidishwa, na kwa kuchora vitu visivyo na wa juu wala wa chini, kama mafuriko ya miaka mbalimbali, mimi naiona ndiyo njia ya haki zaidi kati ya zile za kupaka.

Ugumu wa tatu ndio unaowasumbua wanaoanza kuandika programu, na ndio wenye madhara makubwa. Umbo la mafuriko moja mara nyingi huchorwa kwa vipande: poligoni kadhaa zinazogusana na kuingiliana kidogo. Kila kipande kikipakwa buluu kwa alfa ya nusu, sehemu za kuingiliana hupata asilimia 75, na vipande vitatu vikikutana, asilimia 87.5. Michirizi ya buluu nzito hutokea. Msomaji wa ramani husoma uzito wa rangi kama uzito wa jambo: hapa maji yalikuwa na kina zaidi, au hapa yalifika mara mbili. Ukweli ni kwamba hapa mchoraji alipitisha brashi mara mbili.

Dawa yake ni kuvichukua vipande vyote kama kitu kimoja. Vichore vyote kwa rangi kamili, bila uangavu, kwenye ukurasa wa pembeni usioonekana, ambako kulaliana hakuongezi chochote kwa kuwa rangi kamili juu ya rangi kamili ni ileile. Kisha chukua ukurasa huo mzima na kuupaka juu ya ramani mara moja tu, kwa alfa ya nusu. Mwaka 2001 wazo hili liliingia katika viwango viwili vikubwa kwa pamoja: toleo la 1.4 la PDF, na SVG, lugha ya michoro ya mtandao. Katika SVG, uangavu ukitolewa kwa kundi, kundi zima huchorwa kwanza ndipo lififishwe. Ukitolewa kwa kila umbo, kila moja hufifishwa peke yake na michirizi hurudi. Namna hizo mbili za kuandika zinafanana sana, na watu huzichanganya.

Wapo wanaochagua njia ya mkato: wanaunganisha mipaka yote kuwa njia moja na kuijaza mara moja. Inafaa, mradi kanuni ya kujaza iwe sahihi. Kuna kanuni inayohesabu mipaka inayovukwa ikitazama kama ni shufwa au witiri, na chini yake sehemu iliyofunikwa mara mbili huhesabiwa kuwa nje. Inabaki tundu. Katika mchoro wa ua tundu hilo linaweza kuwa pambo. Katika ramani ya mafuriko linaonyesha nchi kavu mahali ambapo maji yalifika mara mbili, na sidhani kuna kosa baya kuliko hilo.

Bunyala haijapumzika tangu miaka ya uhuru. Matuta ya kuzuia Nzoia yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yalivunjika mwaka 2003, yakavunjika tena 2007 na 2008, na kila mara watu walihamia kambini na ng'ombe wao na magunia ya mahindi waliyowahi kuyaokoa. Tangu Aprili 2014 setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1 imekuwa ikipiga picha kwa rada, ambayo hupenya mawingu, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo mafuriko na mawingu huja pamoja. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kule Jinja, sentimita moja juu ya 1964. Fukwe, nyumba na majengo ya kupokelea samaki yakazama, na wakati huohuo mto ulikuwa umejaa. Mto na ziwa vilikuwa vimelaliana tena, kama mwaka 1961, ila safari hii kulikuwa na picha.

Setilaiti hupita mara kwa mara, na vipande vya picha za njia mbili huingiliana pembezoni. Mwenye programu akichukua maumbo ya maji kutoka kila kipande na kuyapaka moja kwa moja kwa alfa ya nusu, ukanda wa kuingiliana utakuwa mzito, na kijiji kilichoangukia ndani yake kitaonekana kimeumia kuliko jirani zake. Afisa anayegawa mahema na dawa za kutibu maji anaangalia rangi; hana muda wa kuuliza setilaiti ilipita wapi.

Kwa hiyo njia nzuri inamrudia Tomlinson kwanza, ndipo iwaendee Catmull na Smith. Vipande vya mafuriko moja viunganishwe kuwa umbo moja. Mafuriko ya miaka tofauti yasipakwe moja juu ya jingine ili giza lijihesabu lenyewe, kwa sababu giza la alfa halihesabu sawasawa: mara ya kwanza inaongeza asilimia 50, ya pili 25, ya tatu 12.5, na mara ya nne na ya tano macho hayazitofautishi. Ardhi igawanywe katika miraba, kila mraba uhesabiwe ulifunikwa mara ngapi, na kila hesabu ipewe rangi yake kamili iliyoandikwa pembeni ya ramani. Uangavu utumike mwishoni, mara moja, kwa tabaka lote, ili picha ya ardhi ionekane chini yake. Barabara, matuta, shule na zahanati zichorwe juu kabisa bila uangavu wowote.

Na kwa kuwa ramani nyingi zinazofika kwa chifu na kwa wazee wa vijiji zimetolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, ambako zambarau zote huwa kijivu kimoja, ile njia ya wachora ramani wa zamani bado ina kazi. Mafuriko ya mto hujazwa mistari inayoinama kushoto, na ya ziwa mistari inayoinama kulia. Yanapolaliana mistari hukatana, na mtu yeyote anaona kwamba hapo yalifika maji yote mawili. Haihitaji alfa, haina la juu wala la chini, na programu yoyote ya ramani inaweza kuichora.